Mteja Mmoja, Ankara Mbili: Kisa cha Kampuni ya Kupandisha Mlima mjini Moshi

Kampuni inayozungumziwa hapa, ya kuwapandisha wageni Mlima Kilimanjaro, ni ndogo. Ina ofisi ya vyumba viwili katikati ya mji wa Moshi, ina stoo ya mahema na mitungi ya gesi, na ina orodha ya waongozaji, wapishi na wagumu, yaani wapagazi, wanaoitwa kila kundi linapothibitishwa. Mwenye kampuni alianza mlimani akiwa mgumu, akabeba mizigo ya watu kwa miaka, akawa mwongozaji, kisha akaomba leseni yake mwenyewe. Mambo ya mtandao ameyakabidhi kwa mtoto wa mdogo wake, kijana aliyesomea biashara Arusha, ambaye humwandikia taarifa ya matangazo kila mwisho wa mwezi. Jina la kampuni halitatajwa, na wala halihitajiki, kwa kuwa hali iliyoikuta inazikuta kampuni nyingi za Moshi na Arusha zinazojaribu kuuza safari moja kwa moja kwa wageni walioko Ulaya na Marekani.

Hali yenyewe ni hii. Msimu wa Januari hadi Machi ulipokwisha na mvua za masika kuanza, kijana aliweka mezani karatasi mbili. Ya kwanza ilitoka katika akaunti ya matangazo ya Google na ilionyesha watu waliojaza fomu ya maulizo baada ya kubofya tangazo la kampuni katika matokeo ya utafutaji. Ya pili ilitoka Meta, kampuni iliyokuwa ikiitwa Facebook, na ilionyesha waliojaza fomu hiyohiyo baada ya kuona au kubofya tangazo katika Instagram na Facebook. Mwenye kampuni, ambaye hesabu zake zote huanzia kwenye daftari la waliolipa kianzio, alijumlisha namba za karatasi hizo akakuta jumla inazidi maulizo yote yaliyoingia ofisini katika kipindi hicho, ukiweka humo hata ya wageni walioletwa na wateja wa zamani ambao hawakuwahi kuona tangazo lolote.

"Hawa waliozidi wako wapi?" aliuliza.

"Hawajazidi, baba mkubwa. Ni walewale, wamehesabiwa mara mbili."

Jibu lilikuwa sahihi, lakini halikusaidia kugawa fedha. Bajeti ya Juni hadi Oktoba ilipaswa kupangwa, nayo kila karatasi ilikuwa na pendekezo moja tu, kwamba fedha ziongezwe upande wake.

Ili kuelewa namna mtu mmoja anavyogeuka wawili, tumfikirie mgeni wa Munich. Jumatatu jioni anaona katika Instagram video fupi ya kambi ya Barranco asubuhi, anaibofya, anasoma bei, anafunga simu. Ijumaa anaandika katika Google, kwa Kijerumani, maneno ya kutafuta safari ya siku saba kwa njia ya Machame, anakutana na tangazo la kampuni ileile na kulibofya. Jumamosi anajaza fomu. Kwa mpangilio wa kawaida wa Meta, tangazo hupewa sifa ya tukio linalotokea ndani ya siku 7 tangu libofywe, au ndani ya siku 1 tangu lionekane hata kama halikubofywa. Kwa mpangilio wa kawaida wa Google, muda huo ni siku 30 tangu kubofya. Mgeni wa Munich anaangukia ndani ya mihula yote miwili, na kwa kuwa kila kampuni inatunza daftari lake bila kuona la mwenzake, kila moja inaandika kwamba imemleta mteja. Aliyewahi kupanda basi stendi ya Moshi anaujua mchezo huu: wapiga debe wawili wanamdai kondakta ujira wa abiria mmoja, na pengine abiria huyo alitoka nyumbani akiwa ameshaamua basi na siti.

Hakuna uongo katika ripoti hizo, jambo linalofaa kusisitizwa kwa sababu wenye biashara wengi wakifika hapa huhitimisha kwamba wanaibiwa. Kila ripoti inajibu swali lake kwa uaminifu: je, aliyejaza fomu aliwahi kugusa tangazo letu? Swali la mwenye kampuni ni jingine kabisa: je, tangazo lisingekuwepo, mtu huyu angekuja? Hilo hakuna ripoti ya muuzaji wa matangazo inayolijibu yenyewe, na hapo ndipo ushindani wa Google na Meta unapomgusa mtu wa Moshi. Wakubwa hawa wawili hawagombei sana mbofyo uleule, kwa sababu mmoja anauza nafasi mbele ya mtu aliyekwisha kuuliza na mwingine anauza nafasi mbele ya mtu ambaye hakuuliza chochote. Wanachogombea zaidi ni sifa ya mauzo yaleyale, maana bajeti ya mwaka unaofuata huifuata sifa.

Historia inasaidia hapa. Wazo la kuuza nafasi za matokeo ya utafutaji kwa mnada, na mlipaji kutozwa pale tu mtu anapobofya, lilianza kutumika mwaka 1998 katika kampuni ya GoTo.com iliyoanzishwa na Bill Gross huko Marekani. Google ilizindua AdWords, huduma yake ya matangazo, Oktoba 2000 ikiwa na wateja wapatao 350, mwanzoni ikitoza kwa idadi ya mara ambazo tangazo limeonekana, kisha mwaka 2002 ikahamia kwenye mnada wa mbofyo na kuongeza jambo lililobadilisha kila kitu: nafasi ya juu haikwenda kwa mwenye dau kubwa peke yake, bali iliangaliwa pia jinsi watu wanavyolibofya tangazo lake. Facebook ilianzisha mfumo wake wa matangazo Novemba 2007, na mwaka uliofuata ikamchukua Sheryl Sandberg, aliyekuwa amesimamia mauzo ya matangazo ya mtandaoni ndani ya Google yenyewe. Kila mmoja amejaribu kuingia kwa mwenzake. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilianza mwaka 2011 ikafungwa 2019. Facebook nayo ilileta utafutaji wake wa Graph Search mwaka 2013 na haukushika. Kilichofanikiwa ni kununua: Google ilikuwa imeinunua YouTube mwaka 2006, na Facebook ikanunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014.

Mwaka 2012 mapato ya matangazo ya Google yalikuwa takribani dola bilioni 43.7, na ya Facebook bilioni 4.3, yaani tofauti ya mara kumi. Mwaka 2024 Google ilipata takribani bilioni 264.6 na Meta bilioni 160.6, tofauti isiyofika mara mbili. Mtu anaweza kusoma namba hizo kama ushindi wa mitandao ya kijamii juu ya utafutaji, lakini wote wawili wamekua, na sehemu ya ukuaji huo imetoka kwa watu wa tatu. Magazeti ya Marekani, ambayo mwaka 2005 yalikusanya karibu dola bilioni 49 za matangazo, mwaka 2020 yalikusanya chini ya bilioni 10.

Mahakama nayo imelazimika kuamua kama aina hizi mbili za matangazo ni bidhaa moja. Katika hukumu ya Agosti 2024 kwenye kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, Jaji Amit Mehta aliona kwamba matangazo ya maandishi katika utafutaji ni soko linalojitegemea, ambalo Google imelihodhi, na kwamba tangazo la mtandao wa kijamii halichukui nafasi yake. Sababu mojawapo ni kwamba Google iliweza kupandisha bei za matangazo hayo bila kuhofia kuwapoteza wanaotangaza. Ukikaa na kampuni ya Moshi inayolipia maneno "kupanda Kilimanjaro" kwa Kiingereza, huhitaji hukumu yenye kurasa mamia kukuonyesha hilo.

Twende basi kwenye mnada wenyewe, kwa kuwa humo ndimo fedha za kampuni hii zilikuwa zikiishia. Kwa lugha nyepesi, Google huchukua dau la kila anayetangaza na kulipima pamoja na ubora: uwezekano wa tangazo kubofywa, kufaa kwake kwa kilichoulizwa, na hali ya ukurasa ambao mgeni atafikia. Mshindi halipi dau lake lote. Analipa kiasi kinachomtosha kumshinda aliye chini yake. Tuseme kampuni moja imeweka dola 4 na ina ubora wa 5, nyingine imeweka dola 3 na ina ubora wa 8. Ya kwanza ina alama 20, ya pili 24. Ya pili inashinda, na inalipa takribani dola 2.50, kwa sababu 2.50 ikizidishwa kwa 8 inafikia 20. Mpangilio halisi una mambo mengi zaidi ya hayo, lakini hesabu hii inatosha kuonyesha kwamba mdogo mwenye ukurasa mzuri anaweza kumshinda mkubwa mzembe.

Tatizo ni kwamba wakubwa wa biashara hii si wazembe. Kampuni ya Moshi ikibaki na faida ya, tuseme, dola 300 kwa mgeni, na katika kila watu 100 wanaobofya mmoja akawa mteja, basi dola 3 kwa mbofyo ndiyo mwisho wake. Ikizidi hapo inapanda mlima kwa hasara. Wakala wa Ulaya anayeuza safari hiyohiyo kwa bei ya juu na kubaki na dola 900 anaweza kwenda hadi dola 9. Na mara nyingi wakala huyo hana hema wala mpishi, bali baada ya kumpata mgeni humkabidhi kwa kampuni ya Moshi. Ndiyo kusema kampuni inashindana mnadani na mnunuzi wake mwenyewe, na inaposhindwa haikosi kazi, inakosa tofauti ya bei.

Kuna upande mwingine ambao haupo katika ripoti yoyote. Gharama ya kupanda Kilimanjaro ina sehemu zisizobanika, kwanza ada za hifadhi zinazolipwa kwa KINAPA, Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kwa kila mtu na kila siku, halafu chakula na usafiri. Sehemu inayobanika kwa urahisi ni malipo ya wagumu. Kampuni inayowalipa chini ya viwango vinavyotetewa na mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, ulioko hapahapa Moshi, inabaki na faida kubwa zaidi kwa mgeni, kwa hiyo inaweza kuweka dau kubwa zaidi. Mnada hauna namna ya kulijua hilo. Mwenye kampuni yetu, kwa kuwa aliwahi kubeba mizigo hiyo, alikataa kabisa kutafuta nafuu upande huo, na uamuzi huo ulipunguza moja kwa moja uwezo wake katika maneno ya ushindani mkali.

Upande wa Meta hauna neno la kugombewa. Anayetangaza anachagua nchi, umri na mwelekeo wa watu, au anauachia mfumo utafute wenyewe, na mnada hupima dau, makadirio ya uwezekano wa mtu kufanya kitendo kinachotakiwa, na ubora wa tangazo. Bei ya kuwafikia watu ilikuwa nafuu kuliko Google, na kijana alipenda hivyo. Lakini watu hao walikuwa wa aina tofauti: waliuliza bei, walisifu picha, walipotea. Hapa inafaa kuongeza kwamba baada ya Apple kuanza, Aprili 2021, kuzilazimisha programu za iPhone kuomba ruhusa kabla ya kumfuatilia mtumiaji, Meta ilipoteza sehemu ya uwezo wa kuona kinachotokea nje ya programu zake, na Februari 2022 yenyewe ilikadiria kwamba badiliko hilo lingeipunguzia mapato ya mwaka huo kwa takribani dola bilioni 10. Baadhi ya namba zinazoonekana katika ripoti yake leo ni makadirio ya kitakwimu. Wageni wa mlimani wengi wana iPhone, kwa hiyo kwa kampuni ya Moshi hili si jambo la pembeni.

Kisha kuna WhatsApp. Tovuti ya kampuni ilikuwa na fomu, na chini yake kitufe cha WhatsApp. Wageni wengi walipendelea kitufe. Aliyetoka Google akabofya kitufe na kuanza mazungumzo hakuhesabiwa na Google kama mteja, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameuelekeza mfumo wake kuhesabu mbofyo huo. Tangazo la Instagram linalompeleka mtu moja kwa moja kwenye WhatsApp, kwa upande wake, liliripotiwa kikamilifu kila mazungumzo yalipoanza, kwa kuwa programu zote mbili ni za Meta. Kwa hiyo ripoti ya Google ilipunjwa, na mfumo wake wa kupanga madau, unaojifunza kutokana na wateja unaowaona, ulikuwa ukijifunza kutokana na nusu ya habari. Huu ulikuwa upungufu wa mpangilio na ulitengenezeka: kitufe kiliwekewa hesabu, na waliolipa kianzio wakaanza kupelekwa katika akaunti ya Google kwa kutumia alama ya mbofyo wao wa kwanza. Kazi hiyo ya mchana mmoja ilileta nuru kuliko mabishano yote ya bajeti.

Swali la msingi, kama mteja angekuja bila tangazo, lilibaki. Mfano unaojulikana ni wa eBay, ambayo mwaka 2012 iliacha kulipia jina lake katika utafutaji wa Yahoo na MSN: asilimia 99.5 ya mibofyo iliyokosekana ilirudi kupitia matokeo yasiyolipiwa. Kijana alitaka kuuchukua mfano huo ulivyo na kuacha kulipia jina la kampuni. Baba mkubwa alikataa, na kwa maoni yangu alikuwa na haki, kwa sababu anayetafuta eBay anaijua eBay, wakati anayeandika jina la kampuni ya Moshi aliyoiona mara moja Instagram bado hajaamua, na juu ya matokeo anaweza kukutana na tangazo la mtu mwingine lenye bei ya kuvutia. Google inaruhusu jina la biashara ya mwenzako kutumika kama neno la kutafutia. Inachoweza kuzuia, mwenye jina akilalamika, ni jina hilo kuandikwa ndani ya maneno ya tangazo.

Badala ya kuiga, walipima. Katika msimu uliofuata matangazo ya Instagram na Facebook yalizimwa Ujerumani na kuachwa Uholanzi, huku ya Google yakibaki vilevile katika nchi zote mbili. Fomu iliongezewa swali la lazima: ulitufahamu wapi kwa mara ya kwanza? Na kila wiki kijana aliandika, kutoka Search Console, zana ya Google ambayo haina malipo, ni mara ngapi jina la kampuni lilitafutwa katika kila nchi. Namba za kampuni ndogo ni chache na hutikisika kwa jambo dogo. Kundi moja la marafiki kumi na wawili kutoka Rotterdam lingeweza kugeuza picha nzima. Kwa hiyo hawakuangalia waliolipa, ambao hawakutosha kwa kulinganisha, bali maulizo na utafutaji wa jina.

Matokeo yalichelewa kuonekana, na kuchelewa huko ndiko kulikokuwa na habari. Wiki za kwanza Ujerumani haikubadilika, na kijana akaanza kusema kwamba fedha za Instagram zilikuwa zikipotea bure. Baadaye utafutaji wa jina la kampuni ulishuka Ujerumani na haukushuka Uholanzi, na maulizo yaliyokuwa yakiandikwa kwa sifa ya Google chini ya jina hilo yakapungua nayo. Maneno ya jumla, yale ya kupanda Kilimanjaro, hayakuguswa. Maana yake ilikuwa kwamba sehemu ya wateja ambao Google iliwaonyesha kama mafanikio yake ya bei nafuu kabisa, waliokuja kwa kuandika jina, walikuwa wametengenezwa na Instagram wiki kadhaa kabla, nje ya muda wa siku 7 ambao Meta ingeweza kuwadai. Ripoti ya Meta ilikuwa imejipa sifa isiyo yake kwa watu wa Jumatatu na Ijumaa, na imejinyima sifa iliyo yake kwa waliochukua mwezi kufikiri. Safari ya Kilimanjaro si viatu. Mtu huiwaza, huuliza mwenzi wake na kazini, ndipo anarudi.

Maamuzi yaliyofuata hayakuwa ya kuchagua upande. Maneno ya jumla ya Kiingereza yaliachwa kwa wenye mifuko mirefu. Fedha za Google zilielekezwa kwenye maneno membamba, ya Kijerumani na Kiholanzi, yanayotaja njia, idadi ya siku na mwezi, ambako washindani ni wachache na anayeuliza yuko karibu kulipa. Matangazo ya Instagram yalirudishwa Ujerumani, lakini yakapangwa kutangulia msimu kwa miezi kadhaa badala ya kwenda sambamba nao, na kipimo chake kikawa utafutaji wa jina, si fomu. Kijana hakuridhika na kipimo hicho, akisema kinaweza kupandishwa na mambo mengine, hata na habari ya mlima katika televisheni ya huko. Ana hoja. Ila hakuwa na kingine cha kuweka badala yake.

Lililobaki ni jina lenyewe. Wakati wa kupima, kijana aligundua kwamba aliyekuwa akilipia jina la kampuni yao katika Google, Ujerumani na Uingereza, alikuwa ni wakala wa nje ambaye kila mwaka huwaletea makundi. Waliandikiana. Wakala aliacha Ujerumani, akaendelea Uingereza, na kila mgeni wa Uingereza anayeandika jina la kampuni hukutana kwanza na bei ya wakala, wakati mwingine kwa safari ambayo wagumu wake ni walewale wa Moshi. Kijana alitaka waweke dau juu ya jina lao huko na kumwondoa. Mwenye kampuni alilifungua daftari lake, akaangalia Februari ilivyojazwa na makundi ya wakala huyo, akamwambia aweke dau la chini tu, la kuonekana nafasi ya pili.